Sanduku la Fishi na Barua Tatu za Mama Masika

Siku yangu ya kwanza ya kazi nilifika shuleni nikiwa na matope mpaka kwenye kola. Shule ilikuwa Luofu, kusini mwa Lubero, na ili kuifikia ilibidi ushuke mteremko mkali wa udongo mwekundu. Mahali hapo chemchemi iko juu na nyumba ziko chini, kinyume cha vijiji vingi, kwa hiyo maji na watu hushuka pamoja. Mvua ilikuwa imenyesha asubuhi. Nilishuka kama mtu wa mji, uso mbele, na nilianguka mara mbili. Mama mmoja mzee, bidon, yaani dumu la maji, mgongoni na mkanda wake ukishika kwenye paji la uso, alicheka kwanza ndipo akanisalimia.

"Mwalimu, huku kwetu mutu mwenye muzigo anashukaka nyuma-nyuma," aliniambia. "Ile uso yako uangalishe mulima. Miguu inajua njia."

Akageuka, akashika nyasi kwa mikono miwili, akateremka kinyumenyume kama mtu anayeshuka ngazi. Bidon ilikaa juu ya mgongo wake bila kuyumba. Jioni niliandika jambo hilo katika daftari langu. Niliandika kwa sababu nilikuwa na tabia ya kuandika kila kitu, si kwa sababu niliona lina maana.

Ninyi vijana mnaoanza kazi ya chaki mna diploma. Mimi sikuwa nayo. Nilijifunza Kiingereza kwa redio na kwa kamusi moja iliyopoteza kurasa zake za mwisho, na nilipoajiriwa kukifundisha nilikuwa sijawahi kuongea na mtu yeyote aliyezaliwa nacho. Préfet des études, yaani mkuu wa masomo, alikuwa mtu mwembamba mwenye suruali iliyopigwa pasi kila siku, hata siku za matope. Alinipa kipande cha chaki na kitabu kisicho na jalada.

"Unajua Kiingereza?" aliniuliza.

"Ninakisoma, Monsieur le Préfet."

"Vizuri. Basi uwe unawatangulia batoto kwa kurasa mbili. Ile moja haitoshi."

Saa ile ile niliingia darasani. Sentensi ya kwanza ya kitabu ilisema "Do not give up." Nilijua "give" ni kutoa, nilijua "up" ni juu. Nikawaeleza wanafunzi kwa sauti ya mtu mwenye hakika kwamba maana yake ni "Usitoe juu," na kwamba ni onyo kuhusu sadaka. Darasa zima liliandika. Préfet, aliyekuwa amekaa nyuma kunikagua, alingoja mpaka wanafunzi watoke.

"Kasereka, ile uliyosema ni kweli?"

"Sijui, Monsieur le Préfet."

"Donc rudi kesho ukijua. Mwalimu kutojua hapana kosa. Kosa ni kulala nayo."

Kesho yake nilisimama mbele ya wanafunzi wale wale na kuwaambia kwamba jana niliwadanganya bila kukusudia, kwamba maneno yale mawili yakiwa pamoja maana yake ni kukata tamaa, na sadaka haimo. Walifuta kwa utaratibu. Jioni hiyo nilikata boksi la sabuni vipande vya ukubwa wa kiganja, nikaanza fishi.

Fishi ni kadi. Katikati yake niliandika kitenzi kimoja cha Kiingereza, na kuzunguka kitenzi hicho niliandika maneno madogo yanayotembea nacho: up, down, back, off, on, out, away, na mengineyo. Maneno hayo wanasarufi huyaita vielezi pale yanapokaa na kitenzi peke yake, na huyaita vihusishi pale yanaposhika jina nyuma yake. Mara nyingine yanakuja mawili kwa pamoja, kielezi mbele na kihusishi nyuma, na kitenzi kinayavuta yote mawili kama gari lenye trela. Mtu anakimbia, hiyo ni "run". Anakimbia na kuondoka, "run away". Anamkimbia fulani, "run away from". Nyuma ya fishi niliandika mfano, na chini ya mfano niliandika wapi niliusikia au kuusoma, na nani aliusema. Nilijiwekea sheria: mfano niliojitungia mwenyewe hauingii katika sanduku.

Wanafunzi waliuliza sikuzote kwa nini Waingereza wanajisumbua hivyo. Jibu langu lilikuwa hili. Sisi tukisema panda, shuka, toka, ingia, rudi, mwelekeo uko ndani ya kitenzi chenyewe. Wao kitenzi chao huonyesha zaidi namna ya kwenda, kutembea au kukimbia au kutambaa, na mwelekeo wanaubeba nje katika neno dogo. Ukilidharau neno dogo, unajua kwamba mtu anakimbia lakini hujui kama anakuja au anakwenda. Niliandika maelezo hayo ubaoni kila mwaka. Sikufikiri kwamba siku moja tofauti hiyo ya kuja na kwenda itakuwa alama ya mtoto fulani.

Vita ya kwanza kati ya zile mbili za nchi yetu ilifunga shule. Nilienda Beni nikiwa na sanduku la fishi kichwani na nguo kidogo, nikapanga chumba mtaa wa Beu, na nikapata kazi katika agence moja ya kushughulikia karatasi za malori yanayotoka mpaka wa Kasindi. Chef d'agence, mkuu wa ofisi hiyo, alikuwa mtu mfupi mwenye miwani mbili, moja puani na nyingine mfukoni, na alikuwa na chuki moja tu duniani: sentensi ndefu.

Barua yangu ya kwanza kwake ilianza kwa kusema kwamba tunangojea kwa hamu jibu lao. Nilikuwa nimetumia "look forward to", mojawapo ya magari yangu yenye trela, na niliona fahari. Aliisoma, akavua miwani, akavaa ile ya pili, akaisoma tena.

"Mwalimu, lori iko na hamu?"

"Hapana, Chef."

"Mutu wa douane pale mpaka iko na hamu?"

"Hapana."

"Basi toa hamu. Karatasi ya bureau inaomba jina, namba, mahali. Bintu bitatu. Mengine ni nyimbo."

Nilijifunza kwake usafi wa karatasi, na ninamshukuru mpaka leo. Nilijifunza pia maneno mapya ya kazi. Kujaza fomu ni "fill in", kukabidhi mzigo ni "hand over", kuupokea kwa sahihi ni "sign for". Kila moja lilipata fishi yake, na nyuma ya fishi niliandika "Beni, agence."

Vita ya pili ilipofika, wanajeshi wengi waliopita Beni walizungumza Kiingereza, na mji wote ukaanza kujifunza bila mwalimu. Niliona jambo ambalo halikuwa katika kitabu. Mtu anapoamrisha kwa haraka, kitenzi hudondoka na neno dogo hubaki peke yake. "Back!" Rudi nyuma. "Down!" Lala chini. "Out!" Tokeni. Wamama wa soko la Beu, ambao hawakuwahi kuniuliza hata neno moja, walijua maneno hayo kwa miili yao kabla ya kuyajua kwa masikio. Niliyaandika. Fishi hizo ni chafu kuliko zote, kwa sababu niliziandika kwa haraka, na sikuwahi kuzinakili upya.

Kutoka Beni niliitwa Butembo. Pasteur mmoja, yaani mchungaji, wa mtaa wa Kimemi, mkurugenzi wa shule ndogo ya kanisa, alitaka mwalimu wa Kiingereza kwa wafanyabiashara, alasiri, katika chumba cha kwaya. Alikuwa mzee mnene mwenye upole, aliyezoea kuingia darasani bila kubisha hodi na kukaa kwenye benchi la wanawake wa sauti ya pili. Jumamosi asubuhi alinipa kazi nyingine: kuwaandikia barua watu waliopoteza ndugu zao katika kukimbia. Wengi walikuwa wamevuka mpaka kuingia Uganda, na huko kulikuwa na ofisi moja iliyokusanya majina ya watoto waliofika bila wazazi. Ofisi hiyo ilisoma Kiingereza tu.

Hapo ndipo nilipokutana na Mama Masika.

Alitoka Luofu. Alikuwa akiuza puaro, vile vitunguu vya majani marefu, akivifunga mafungu kwa uzi wa bluu uliofumuliwa kutoka kwenye magunia. Mumewe, Kambale, alikuwa amefariki kwa ugonjwa kabla ya vita. Siku risasi zilipofika kilimani kwao, yeye na binti yake wa miaka tisa walipotezana, na jirani mmoja alimwona mtoto akipandishwa kwenye lori la watu wanaoelekea Kasindi. Baada ya hapo, hakuna habari.

"Mwalimu, unitafutie mutoto," alisema. "Sikukuya kulia. Nimesha lia. Andika."

Barua ya kwanza niliiandika kwa fahari. Nilikuwa na miaka ya fishi mkononi na nilitaka zifanye kazi. Ilikuwa na heshima, ilikuwa na hamu, ilikuwa na trela nne. Na katikati yake kulikuwa na jina: Masika.

Jibu lilifika baada ya majuma mengi, mkononi mwa dereva wa lori. Ofisi ilisikitika kutuarifu kwamba wasichana wenye jina hilo walikuwa wengi mno katika orodha. Tulete maelezo zaidi.

Nilimkumbuka Chef d'agence. Barua ya pili niliitoa nyimbo zote. Jina la mtoto, mwaka wa kuzaliwa, territoire na collectivité, yaani wilaya na tarafa anakotoka, jina la baba. Ilikuwa karatasi safi kuliko zote nilizowahi kuandika. Jibu lake lilikuwa fupi zaidi: wasichana wanaoitwa Masika, mabinti wa Kambale, kutoka Lubero, walikuwa bado wengi mno.

Nataka nilieleze kosa langu polepole, maana ni kosa ambalo mtu wa kwingine asingelifanya. Sisi Wanande humpa mtoto jina kwa zamu aliyozaliwa. Binti wa kwanza ni Masika. Mwana wa pili ni Kambale. Mimi ni Kasereka kwa sababu ni mwana wa tatu, na katika darasa langu la Luofu nilikuwa na Kasereka wengine sita. Nyumbani jina hilo linatosha. Mama akiita "Masika!" uani, anayekuja ni mmoja tu, na hakuna haja ya kuongeza kitu. Kwa kuwa nililelewa ndani ya uzio huo, sikuwahi kuona kwamba nje ya uzio jina hilo haliiti mtu. Mara mbili nilikuwa nimeandika, kwa Kiingereza chenye heshima na kisha kwa Kiingereza kikavu, kwamba tunamtafuta binti wa kwanza wa mwana wa pili. Robo ya nchi yetu ni huyo.

Nilimsomea Mama Masika jibu hilo la pili. Akaniuliza jambo ambalo hakuna mteja wangu aliyewahi kuniuliza.

"Na weye ulibaandikia nini? Unisomee ile ya kwako. Mu Kiswahili."

Nikamsomea, nikitafsiri mstari kwa mstari. Alisikiliza kichwa kikiwa kimeinama, kama mtu anayenusa chakula.

"Huyo hapana mutoto wangu," alisema mwishoni. "Huyo ni mutoto wa bureau."

"Mama, ofisi inaomba jina, namba, mahali…"

"Mwalimu, mbuzi yako ikipotea, unamwambia jirani namba?"

Pasteur, aliyekuwa kwenye benchi lake, alicheka kwa sauti, kisha akajikohoza.

"Unamwambia: ile yenye sikio imekatika, yenye inachechemea kidogo," Mama Masika aliendelea. "Sasa mbuzi inapita mutoto wangu?"

Nilichukua karatasi mpya. Nikamwomba anieleze Masika. Nilitegemea kovu, meno, rangi ya nguo. Alianza na nguo, akaiacha, kwa kuwa nguo ilikuwa ni ya zamani. Kisha akafumba macho, na kila kitu alichosema kilikuwa kinatembea.

"Akitoka ku maji anashukaka nyuma-nyuma, sawa siye bote wa kule juu. Lakini yeye, ata kama hana muzigo. Ata ku ngazi ya kanisa. Ginsi nilimufundisha akiwa mudogo, ikabaki."

Niliacha kuandika. Niliuona mteremko ule, na mama mzee akiuangalisha mlima uso wake. Yule mzee hakunionyesha njia ya kushuka tu. Alinionyesha alama ya kilima kizima, na nilikuwa nimeibeba katika daftari miaka yote hiyo.

"Endelea, Mama."

"Tukienda ku soko, hawezi tembea pamoja na mutu. Anakimbia mbele. Akifika mbali anasimama, anarudi mbio, anakuangalia ku uso kama uko unakuya kweli. Halafu anakimbia tena. Njia moja, yeye anaitembea mara tatu. Nilikuwa namuambia: Masika, utamaliza miguu."

Nilifungua sanduku. Nilitoa fishi ya "come" na fishi ya "run", nikaziweka mezani, na kwa mara ya kwanza tangu nizikate sikuzitafutia sentensi. Sentensi zilikuwa zimekuja zenyewe na zinatafuta fishi. Barua ya tatu haikuwa na hamu wala namba. Ilisema kwamba tunamtafuta msichana anayeshuka mteremko kinyumenyume, hata akiwa mikono mitupu. Na mstari wake wa pili ninaukumbuka neno kwa neno: "She runs on ahead, then she runs back to see if you are coming."

Pasteur aliichukua, akaisoma mara mbili.

"Mwalimu, hii ni barua ao ni hadithi?"

"Ni maelezo, Pasteur."

"Ofisi itacheka."

"Bacheke," alisema Mama Masika. "Mutu anayecheka amesoma."

Jumamosi zilizofuata alikuja darasani. Alikaa benchi la mbele na mafungu ya puaro miguuni, na aliomba afundishwe sentensi mbili tu, zile za barua. Nilimwambia angeanza na salamu. Alikataa. Alisema salamu atazifanya kwa mikono, lakini siku atakaposimama mbele ya mtu wa ofisi hataki mtu mwingine amsemee mtoto wake. Ulimi wake ulikuwa mzito kwa lugha ile. "Back" ilimsumbua sana. Wafanyabiashara wa vitenge walimtania: "Mama Masika, utaenda Dubai na sentensi mbili?" Naye akajibu: "Nyiye muko na mia, na hakuna mwenye anawangojea." Walicheka mpaka somo likakatika, na tangu siku ile walimsaidia kurudia.

Jibu lilifika katika msimu wa mvua, matone yakipiga bati. Dereva alileta bahasha ikiwa ndani ya mfuko wa plastiki. Nililisoma kwanza kimya, kama nilivyofundishwa na Chef d'agence, kisha nikatafsiri. Mfanyakazi mmoja wa kambi ya wakimbizi, mwanamke, alikuwa amekwenda na barua yetu mpaka mahali watoto wanapoteka maji, akakaa kwenye jiwe siku mbili. Siku ya pili alimwona mmoja akishuka ukingo kinyumenyume, mikono mitupu. Alimwuliza jina, jina lilikuwa lile la wote. Akamwuliza anatoka wapi, akasema chini ya chemchemi ya Luofu. Alimwuliza kama ana ujumbe kwa mama yake. Mtoto alikuwa na swali moja: je, Mama bado amekasirika kwa ajili ya kifuniko?

Niliinua macho. Mama Masika alikuwa amekaa chini, sakafuni, kati ya puaro zake.

"Kifuniko gani, Mama?" aliuliza Pasteur.

Ndipo alipotuambia kile alichokificha katika barua zote tatu. Asubuhi ile Masika alirudi kutoka chemchemi na bidon isiyo na kifuniko. Kilikuwa kimeanguka njiani. Bidon ilikuwa mpya. Mama yake alimgombeza, akamwambia arudi juu akakitafute, na asirudi nyumbani bila hicho.

"Miye njo nilimurudisha kule juu," alisema. "Miye. Alikuwa amesha fika nyumbani. Risasi ilianza nyuma yake."

Pasteur alishuka kutoka kwenye benchi, kwa uzito wake wote, akakaa sakafuni kando yake. Hakuomba sala. Alikusanya puaro zilizotawanyika, akazifunga upya kwa uzi, vibaya, na Mama Masika akazichukua mikononi mwake akazifunga vizuri. Nilichokiona siku ile kuhusu kazi ya kuchunga watu sijakiona katika kitabu.

Tulikwenda Kasindi kwa lori la chumvi, yeye na mimi, ofisi ilipotuandikia tarehe ya kupokea mtoto. Ilikuwa saa nne ya asubuhi. Upande wetu wa mpaka kulikuwa na meza chini ya turubai, na nyuma ya meza mwanamke wa ofisi mwenye faili nyekundu na barua yetu ya tatu ndani yake. Nilifungua mdomo ili nitafsiri.

"Nyamaza, Mwalimu," aliniambia Mama Masika.

Akasimama wima, mikono ubavuni kama mwanafunzi wa darasa la kwanza, akasema sentensi zake mbili. Alizisema taratibu, na zote zilifika. Mwanamke wa ofisi alitoa barua yetu kwenye faili. Kisha akamwuliza jina la mtoto, kwa sababu fomu ilikuwa na nafasi ya jina. Nilitafsiri.

"Masika," alijibu, na mwanamke yule akatabasamu kwa uchovu. Alikuwa ameandika jina hilo mara nyingi.

Lakini safari hii hakumaliza kuliandika. Ng'ambo, kati ya watu waliokuwa wakija kwa miguu na mizigo, kulikuwa na mwanamke wa kambi akitembea na msichana mrefu, mrefu kuliko yule tuliyemweleza, maana wakati ulikuwa umepita. Msichana alimwacha mwanamke akakimbia mbele. Akafika nusu ya njia. Akasimama. Akageuka akarudi mbio mpaka kwa mwanamke wa kambi, akamtazama usoni, akahakikisha kwamba anakuja. Kisha akakimbia tena kuelekea kwetu.

Mwanamke wa ofisi alitazama karatasi, akamtazama msichana, akakunja barua yetu akairudisha ndani ya faili. Kalamu aliiweka chini.

Masika alifika, akasimama hatua moja kabla ya mama yake kama mtu aliyefika mlangoni na hajui kama amesamehewa. Akafungua mkono. Ndani ya kiganja kulikuwa na kifuniko cha bidon, cha plastiki nyekundu, kikiwa kimepauka.

"Nilikipata, Mama," alisema. "Kilikuwa mu majani. Nilikipata siku ile ile."

Nimefundisha miaka mingi baada ya hapo, Butembo na tena Beni, chini ya mapréfet watatu na mkurugenzi mmoja aliyependa mikutano. Nilistaafu koo liliposhindwa na vumbi la chaki. Vijana huja nyumbani kwangu wakitaka orodha: maneno madogo yote, na kanuni ya kuyatumia. Kanuni ninawapa, maana zipo. Neno dogo likiwa kielezi, kiwakilishi hukaa kabla yake. Likiwa kihusishi, hukaa baada yake. Wanaandika, wanashukuru, wanaenda. Wale wanaobaki kidogo ninawafungulia sanduku na kuwasomea migongo ya fishi, ambako kuna majina ya watu na mahali. Ninawaambia wasiandike sentensi juu ya mtu kabla ya kujua anavyotembea. Wengine huona ni maneno ya mzee. Sina ugomvi nao. Nami nilisema "usitoe juu" mbele ya darasa zima.

Mama Masika bado anauza puaro, ingawa magoti yake yamechoka. Huja kwangu kila mwezi na fungu moja la puaro lenye uzi wa bluu, na ananiletea familia. Mwezi uliopita niliwasikia kabla sijawaona. Masika, ambaye sasa ni mama mwenye mwili, alikuwa ametangulia mpaka kwenye mlango wa parcelle yangu, yaani kiwanja changu, akageuka, akarudi njiani kumtazama mama yake kama anakuja. Na nyuma yake, kwenye ngazi tatu zinazoshuka uani kwangu, binti yake wa kwanza, wa miaka minne, alikuwa akishuka kinyumenyume, mikono ikishika ukuta.

"Wavukire, Mwalimu," alinisalimia Mama Masika kwa Kinande, akihema. Kisha akageukia ngazi. "Masika! Polepole, utaanguka!"

Wote wawili wakageuka.